Sauti Iliyorudi Nyumbani: Maneno Juu ya Kazi ya Lupita Nyong'o

Assalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu na dada zangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu wanafunzi mlioacha upepo wa pwani jioni hii mkaja kukaa ukumbini, shikamooni kwa wanaostahili, na hamjambo nyote.

Nimefundisha Kiswahili na kusimamia michezo ya kuigiza ya wanafunzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na walimu wenu wa drama wameniomba niseme machache kabla hamjaanza mazoezi. Nimechagua kuzungumza juu ya mwigizaji mmoja, Lupita Nyong'o, na katika kazi yake nimechagua jambo moja tu, nalo ni sauti yake. Najua nyote mmemsikia. Najua pia kwamba tangu usiku ule wa mwezi wa Machi mwaka 2014, alipopokea tuzo ya Oscar na kuwaambia watoto wa dunia nzima kwamba ndoto zao ni halali popote walikotoka, sentensi ile imesomwa katika kila hafla ya shule nchini Kenya, ikaandikwa ukutani, ikachapishwa kwenye fulana. Ni sentensi njema na sina ugomvi nayo. Kinachoniuma ni kwamba watoto wetu wameihifadhi ndoto na hawajaonyeshwa kazi, na kazi ya mwanamke yule ni somo ambalo mtu anayetaka kupanda jukwaani anaweza kulisoma mwaka mzima asilimalize.

Alizaliwa mwaka 1983 katika jiji la Mexico, ambako baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha, na ndiyo sababu mtoto wa Kijaluo akaitwa Lupita, jina ambalo Wameksiko humwita msichana aitwaye Guadalupe. Alikulia Kenya. Alipokuwa na miaka 14 alipewa nafasi ya Juliet katika mchezo wa Shakespeare uliowekwa jukwaani Nairobi na kundi la Phoenix Players. Alipofika miaka 16 wazazi wake walimrudisha Meksiko kwa miezi kadhaa ili ajifunze Kihispania. Hesabuni basi: Kijaluo cha nyumbani, Kiingereza cha shule, Kiswahili cha nchi, Kihispania cha mahali alipozaliwa. Kabla hajafikiria kuishi kwa kuigiza, msichana huyu alikuwa amekwisha kuuzoesha ulimi wake kuhama na kurudi, kama jahazi linavyozoea kusi na kaskazi.

Mwaka 2004, filamu ya The Constant Gardener ilipokuwa ikipigwa Kenya, alifanya kazi nyuma ya kamera, miongoni mwa vijana wanaotumwa huku na huku ili shughuli ziende. Baadaye alicheza katika tamthilia ya televisheni ya Shuga, na mwaka 2009 akatoa filamu aliyoiongoza mwenyewe, In My Genes, inayohusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Wengi wangesema huyo sasa amefika. Yeye alikwenda kusoma. Aliingia katika chuo cha maigizo cha Yale nchini Marekani, akakaa miaka mitatu, akahitimu mwaka 2012. Miaka mitatu ya kujifunza kupumua, kusimama, kutembea, kutamka, kusikiliza! Nawaomba wazazi waliopo walishike hilo, kwa sababu bado tunao wanaodhani uigizaji ni mchezo wa mtu asiyekuwa na la kufanya.

Huko Yale ndiko lilikotokea jambo lililonifanya nimchague yeye kwa mazungumzo ya leo. Amesimulia hadharani kwamba aliamua kujifunza lafudhi ya Kimarekani kwa bidii zote, akajinyima ruhusa ya kusikika kama Mkenya, kwa kuamini kwamba bila hivyo hatapata kazi katika nchi ile. Akafaulu. Kisha, ilipofika wakati wa kwenda kuzungumza na waandishi wa habari juu ya filamu iliyomtambulisha kwa dunia, alihisi kwamba mtu anayezungumza si yeye, akaamua kuirudia lafudhi yake. Kurudi hakukuwa rahisi, kwa maana sauti uliyoikataza kwa miaka haiji siku ya kwanza unapoiita.

Niliposikia maneno hayo nilikumbuka jambo la hapa kwetu, na nitalisema kama lilivyokuwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka msichana mmoja wa Amu, yaani Lamu, kwenye mashindano ya drama nje ya kaunti yetu. Alicheza mama anayemsubiri mwanawe aliyekwenda baharini na hakurudi. Mazoezini alikuwa akisimama ukingoni mwa jukwaa, anakunja ncha ya leso kidoleni, anakunjua, anakunja tena, halafu anaita kwa sauti ya chini kabisa, "Ndoo, mwanangu. Ndoo." Alisema hivyo kwa sababu ndivyo mama yake anavyosema, na ndivyo Waamu tunavyosema. Waliokuwa wakipanga viti nyuma ya ukumbi waliacha kazi wakamtazama. Siku ya shindano, mwamuzi mmoja ambaye sina haja ya kumtaja alimwambia mbele ya wenzake kwamba ndoo ni chombo cha kuchotea maji, na kwamba akitaka kufika mbali ajifunze kusema kama watu. Ukumbi ulicheka. Mwaka uliofuata nilimfundisha kusema "njoo". Aliitamka sawasawa kabisa, na hakuna mtu aliyeacha kiti chake kumtazama. Nimemlaumu sana mwamuzi yule moyoni, lakini "njoo" ile nilimfundisha mimi.

Kwa hiyo nikitazama kazi ya Lupita Nyong'o, masikio yangu hutafuta hilo kwanza: anapokwenda mbali na sauti yake, anakwenda vipi, na anarudi vipi.

Tuanze na Patsey, mhusika wake katika filamu ya 12 Years a Slave ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Steve McQueen na kutokana na kumbukumbu alizoandika Solomon Northup mwaka 1853. Patsey ni mtumwa katika shamba la pamba huko Louisiana, anayechuma zaidi ya ratili 500 kwa siku moja, yaani zaidi ya kilo 220. Wenzetu wa Mpeketoni na wa mji wa Hindi, humu kaunti yetu, ambao mikono yao inaijua pamba na miiba ya vitumba vyake, wanajua uzito wa maneno hayo kuliko mimi. Kuna pahali ametoweka kidogo, bwana wake anamtafuta kwa hasira, na anaporudi anaonyesha alichokifuata kwa jirani: kipande cha sabuni. Amenyimwa sabuni nyumbani, naye ananuka hata anajichukia mwenyewe. Sikilizeni anavyosema pale. Mwigizaji mchanga angelia tangu neno la kwanza. Yeye anaanza kwa kujieleza, kama mtu anayeamini bado kwamba hoja ikiwa ya kweli itasikilizwa, anataja ratili zake za pamba kama mfanyakazi anayedai ujira wa haki, na sauti inapanda hatua kwa hatua mpaka pale anapodai usafi wake, ambapo tayari sisi tunajua, naye anajua, kwamba mjeledi unakuja. Kipande kile cha sabuni hakizidi kiganja. Ukubwa wote wa tendo lile umebebwa na pumzi.

Lafudhi ile ya watumwa wa kusini mwa Marekani haikuwa yake, wala si ile aliyojifunza Yale ili apate kazi. Aliivaa kwa ajili ya Patsey na akaivua Patsey alipokwisha. Kwa filamu hiyo, iliyokuwa ya kwanza kubwa maishani mwake, akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, Mkenya wa kwanza kuipata.

Mtu akishapata tuzo kama hiyo hutazamiwa aendelee kuonekana, kwa maana uso umekuwa mali. Tazameni alichofanya. Katika Star Wars ya mwaka 2015 alicheza kiumbe mkongwe aitwaye Maz Kanata, ambaye sura yake ilichorwa kwa kompyuta juu ya miondoko ya uso wake mwenyewe, kwa hiyo mtazamaji hakumwona hata kidogo. Mwaka 2016 alikuwa sauti ya Raksha, mbwa mwitu mama, katika The Jungle Book. Sitakaa sana hapo, maana ni kazi ndogo ndogo, lakini watu wengi walishangaa mwanamke aliyesifiwa uzuri dunia nzima akaridhika kufichwa. Mimi sikushangaa. Nilimwona mtu anayeipima sauti yake, kujua itasimama peke yake au haitasimama.

Nami nina deni la kusema kwa urefu juu ya mchezo wa Eclipsed, ulioandikwa na Danai Gurira, kwa sababu hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Mchezo huu unahusu wanawake waliotekwa na kugeuzwa wake wa kamanda mmoja wa waasi mwaka 2003, vita vya Liberia vilipokuwa vikielekea mwisho. Mwanamume haonekani jukwaani hata mmoja, ingawa anatawala kila kitu kinachosemwa. Lupita aliujua mchezo huu tangu akiwa mwanafunzi wa Yale mwaka 2009, alipokuwa mwigizaji wa akiba: yule anayehifadhi maneno yote, anahudhuria, anasubiri, na huenda asiitwe. Miaka ilipita, akawa maarufu, na alipoweza kuchagua alichokitaka aliuchagua mchezo uleule. Mwaka 2015 ulichezwa katika ukumbi wa Public Theater, New York, na mwaka 2016 ukahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote wakiwa wanawake Weusi. Yeye alicheza msichana ambaye hana jina, anayeitwa tu Msichana, akizungumza Kiingereza cha Liberia chenye mapigo yake na mikato yake, na akateuliwa kuwania tuzo ya Tony, ambayo kwa jukwaa ni kama Oscar kwa filamu.

Wanangu, jukwaa na kamera haviombi kitu kimoja. Mbele ya kamera unaweza kunong'ona na kinasa sauti kikakusikia. Ukikosea, unarudia mara ishirini. Jukwaani hakuna kurudia, na bibi aliyelipa tiketi ya safu ya mwisho ana haki ya kusikia kila silabi. Mwigizaji wa filamu anayerudi jukwaani baada ya kuzoea kamera anajua anakwenda kupimwa upya, mara nane kwa wiki, mbele ya watu hai. Ndiyo maana nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi wangu ufukweni wakati wa kaskazi, mmoja asimame kwenye gati, mwingine aende mpaka mwisho wa ukuta, na yule wa gatini aseme maneno yake bila kupiga kelele mpaka mwenzake anyanyue mkono kuonyesha kwamba ameyasikia. Anayepiga kelele upepo unamnyang'anya. Anayetoa sauti tumboni, taratibu, ndiye anayefika.

Mwaka huohuo wa 2016 ilitoka Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair iliyopigwa kwa sehemu kubwa mitaani Kampala, na humo alikuwa Nakku Harriet, mama wa Phiona Mutesi, binti aliyeinuka kwa kucheza chesi. Harriet anazungumza Kiingereza cha Uganda. Angalieni basi ukaribu wa mambo: Uganda ni jirani, na ingekuwa rahisi kwa Mkenya kusema kama Mkenya akadhani hakuna atakayegundua. Waganda wangegundua katika sentensi ya kwanza, kama sisi tunavyogundua mtu wa Mombasa akijifanya wa Amu. Kisha mwaka 2018 katika Black Panther alikuwa Nakia, na huko lugha ya nchi ya kubuni ya Wakanda ilikuwa Kixhosa, lugha ya watu wa Afrika Kusini yenye sauti za kualisha ulimi ambazo ulimi wetu sisi haujazizoea.

Us ya mwaka 2019, filamu ya Jordan Peele, ina uzito wa peke yake. Amecheza wanawake wawili wenye sura moja: Adelaide, mama aliye likizo na watu wake, na Red, kivuli chake aliyekulia chini ya ardhi. Red anapofungua kinywa kwa mara ya kwanza, familia imekaa kwenye kochi, moto unawaka, na sauti inayotoka ni kama mtu anayevuta hewa badala ya kuitoa, neno linakwama, linakatika, linavutwa upya kutoka kooni. Nililazimika kuisimamisha filamu nikanywa maji. Humuogopi Red kwa sababu ya mkasi alioshika; unamuogopa kwa sababu koo lile lina historia, na filamu inapofika mwisho ndipo unapojua historia hiyo ni ipi. Lakini mwigizaji alikuwa ameijua tangu siku ya kwanza, akaiweka yote katika pumzi.

Baada ya sauti ile ya kutisha kikaja kimya. Katika A Quiet Place: Day One ya mwaka 2024 yeye ni Samira, mwanamke anayeugua saratani katika jiji la New York siku wanapoingia viumbe wanaowinda kwa kusikia. Atakayetoa sauti atakufa. Mwigizaji ambaye tumekuwa tukimfuata kwa sauti yake ananyang'anywa sauti, anabakiwa na macho, mabega, na paka mikononi, na yeye mwenyewe amesema kwamba kabla ya filamu hiyo alikuwa akiogopa paka. Mwaka huohuo, katika filamu ya katuni ya The Wild Robot, kinyume chake: mwili hakuna, sauti ndiyo kila kitu. Roz ni roboti aliyetupwa na dhoruba kwenye kisiwa kisicho na watu. Mwanzoni anazungumza kwa uchangamfu wa mashine, kila sentensi ina kipimo kilekile, na kadiri anavyomlea kifaranga wa bata bukini aliyefiwa na wazazi, sauti inapata nyufa ndogo ndogo, kusitasita hapa, kushuka pale. Hakuna sentensi moja unayoweza kuionyesha kidole ukasema ni hapa alipogeuka kuwa mama.

Nilisema Roz alitupwa ufukweni na dhoruba. Mwaka uliofuata Lupita alicheza mwingine aliyetupwa ufukweni, na hapo ndipo nilipokuwa nikiwapeleka tangu mwanzo. Mwezi wa Agosti mwaka 2025, katika bustani ya Central Park, New York, ukumbi wa wazi wa Delacorte ulifunguliwa upya baada ya matengenezo kwa mchezo wa Shakespeare uitwao Twelfth Night, katika utaratibu ambao tiketi zake hutolewa bure kwa watu wa jiji. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Lupita alikuwa Viola, msichana ambaye chombo chake kimevunjika baharini, akatenganishwa na ndugu yake pacha, akatokea katika nchi asiyoijua. Pacha huyo, Sebastian, alichezwa na Junior Nyong'o, ndugu yake wa tumbo moja. Na wahusika hao wawili, katika sehemu za mchezo ule, walizungumza Kiswahili.

Shakespeare kusema Kiswahili si jambo geni. Mwalimu Nyerere alimtafsiri tangu mwaka 1963. Jipya lilikuwa mahali na namna. Msichana aliyetoka baharini amefika ugenini, anavaa nguo za kiume, anajifanya mtu mwingine, anatumia lugha ya wenyeji vizuri kuliko wenyeji wenyewe. Kiswahili hakimo kama pambo: kimo kwa sababu ndiyo lugha ambayo mtu huyo anayo wakati hajifanyi mtu yeyote. Mwanamke aliyejikataza kusikika Kenya alipokuwa Yale alisimama katikati ya New York, akiwa amekwisha kupita katika Louisiana, Liberia, Kampala, Wakanda na kimya chenyewe, akasema lugha ya nyumbani mbele ya ndugu yake.

Mama zangu, najua baadhi yenu mna wasiwasi juu ya mabinti zetu na jukwaa, na wasiwasi huo una mizizi ya heshima ambayo siibezi. Lakini msiniambie kwamba uigizaji ni kitu cha wageni. Bibi zetu walicheza lelemama wakiwa na sare zao na mashindano yao. Katika vugo la harusi mwanamke hupiga pembe, huimba, humuiga mkwe mkali na bwana harusi mwoga mpaka waliopo wanashika mbavu, kisha huvaa buibui akaenda zake kimya. Na Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliutunga kwa lugha ya pwani hii ya kwetu, yenye "mato" kwa macho na "nti" kwa nchi, na hadi leo wasomi wa Kiswahili wanakuja kujifunza kwake. Lugha hiyo haikumzuia kufika mbali. Kwa nini imzuie mtoto wa kidato cha tatu?

Walimu wenzangu, sisemi tuache kuwafundisha Kiswahili sanifu. Wafundisheni, tena vizuri, wafundisheni na Kiingereza, na lafudhi nyingine kila watakayoiweza, kwa sababu mwigizaji asiyeweza kuhama atabaki kucheza mtu mmoja maisha yake yote. Ninachoomba ni kwamba mtoto asiambiwe kwamba ile aliyokuja nayo ni kosa. Muongezeeni. Msimnyang'anye, maana anayehama bila kuwa na kwao hana pa kurudi, na jukwaani hilo husikika.

Nimezungumza vya kutosha na naona waigizaji wamekwisha kuvaa. Walimu wao wameniambia kwamba jioni hii watajaribu kwa mara ya kwanza onyesho lile la Viola anapotoka majini na kuwauliza mabaharia ni nchi gani aliyofikia, na kwamba msichana mwenye sehemu hiyo aliuliza kama anaweza kulisema swali hilo kama nyanya yake angelisema. Wakamruhusu. Yuko pale mlangoni, leso imelowa maji ya bahari kweli, maana ameishusha gatini kwa kamba.

Njoo katikati, mwanangu. Ndoo. Simama hapa nilipo, wageuzie uso wale wa nyuma kabisa, uwaulize:

"Wandani wangu, hini ni nti gani?"